Kumuuguza Mgonjwa wa Moyo Nyumbani: Mwongozo wa Uangalizi na Dawa kwa Familia

Mgonjwa ambaye moyo wake umepungukiwa nguvu ya kusukuma damu huruhusiwa kutoka hospitalini akiwa ametulia, si akiwa amepona. Maji yaliyojaa kwenye mapafu na miguu yametolewa, presha imeshushwa, dawa zimepangwa, kisha familia inakabidhiwa mfuko wa vidonge na tarehe ya kliniki. Kuanzia jioni hiyo, kazi iliyokuwa ikifanywa na wauguzi wa zamu inahamia kwa mke, binti au mdogo wa mgonjwa katika nyumba ya Tandika, Kimara au Mbagala, jijini Dar es Salaam. Miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha wagonjwa hawa wodini mapema ni dawa zilizokatishwa, chumvi iliyozidi, na maji yaliyorudi mwilini polepole bila mtu kuyaona. Yote matatu hutokea nyumbani, na yote yanaweza kuonekana mapema na mtu anayejua aangalie nini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Unahusu zaidi moyo uliodhoofika, lakini sehemu kubwa inawafaa pia wenye presha ya kupanda, wenye vali mbovu, yaani milango ya moyo inayoelekeza damu, na waliowahi kuziba mishipa ya moyo. Dozi hupangwa na daktari anayemfahamu mgonjwa, nanyi msibadilishe dozi kwa kusoma maandishi haya. Majina ya dawa yameandikwa kwa matamshi ya Kiswahili, kwa hiyo yatatofautiana kidogo na yale yaliyochapwa kwenye pakiti. Mkiwa na shaka, mwonyesheni mfamasia pakiti yenyewe.

Hatua ya kwanza: kabla ya kutoka wodini

Siku ya kuruhusiwa watu huwa na haraka ya kulipa na kutafuta usafiri, na hapo ndipo maswali muhimu hupotea. Anayekwenda kumuuguza mgonjwa, si yule mwenye gari, ndiye awepo wakati maelezo yanatolewa. Aulize moyo umeumwa kwa sababu gani, kwa kuwa uangalizi hutofautiana: presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyotokana na maambukizi ya koo utotoni, msuli wa moyo uliolegea mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, au mishipa ya moyo iliyoziba. Aombe nakala ya majibu ya eko, yaani kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na ya vipimo vya damu, kwa sababu mgonjwa aliyetibiwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete anaweza kujikuta usiku wa manane yuko hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, na daktari wa zamu atahitaji kujua alikoanzia.

Maswali mawili hayapaswi kusahaulika hata kidogo. La kwanza ni uzito wa mgonjwa siku anayotoka, maana huo ndio uzito wake akiwa hana maji ya ziada, na kila kipimo kitakachofuata kitalinganishwa nao. La pili ni dawa zipi za zamani ameachishwa. Kabatini kwa mgonjwa wa presha hukosi pakiti iliyobaki, na mara nyingi atenololi ya zamani hunywewa pamoja na bisoprololi mpya, bila mtu kujua kwamba ni ndugu wa ukoo mmoja na kwamba zikikutana hupunguza mapigo ya moyo kupita kiasi. Pakiti zote za zamani ziwekwe kwenye mfuko mmoja, zipelekwe kliniki, na zisirudishwe kabatini mpaka daktari azione.

Hatua ya pili: vifaa na daftari

Vinahitajika mzani wa kusimama, mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, saa yenye mshale wa sekunde na daftari gumu. Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, na mgonjwa ni mtu wa kuvimba miguu, mimi ningenunua mzani kwanza. Presha anaweza kupimwa kwenye zahanati ya jirani, lakini hakuna zahanati itakayompima uzito kila alfajiri kabla ya chai.

Daftari lichorwe safu za tarehe, uzito, presha, mapigo, idadi ya mito aliyolalia, uvimbe wa miguu na dawa alizokunywa. Thamani yake huonekana kliniki. Daktari ana dakika chache tu kwa kila mgonjwa, na akimuuliza “Unaendeleaje?” atajibiwa “Namshukuru Mungu”, jibu ambalo haliwezi kuongeza wala kupunguza kidonge. Ukurasa wenye vipimo vya wiki mbili unaweza.

Hatua ya tatu: vipimo vya asubuhi

Mgonjwa akiamka aende haja ndogo kwanza, kisha apande kwenye mzani kabla ya kula wala kunywa chochote, akiwa na nguo nyepesi ya aina ileile kila siku, na mzani ukiwa kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia wala mkeka. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, huko si kunenepa: ni maji yanayorudi. Pigeni simu kliniki siku hiyohiyo hata kama mgonjwa anasema anajisikia vizuri, kwa sababu maji hujilimbikiza kabla pumzi haijaanza kubana. Uzito ukishuka haraka huku mgonjwa akipata kizunguzungu na midomo kukauka, huenda dawa za kutoa maji zimevuka kiasi, na hilo nalo linahitaji simu.

Baada ya mzani, bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya mbele ya mguu, juu ya mfupa, kwa sekunde kadhaa. Kikibaki kishimo, andika kishimo kimefika wapi: kwenye kifundo, katikati ya muundi au hadi gotini. Kwa mgonjwa anayelala muda mwingi, maji hujikusanya kiunoni na mgongoni, kwa hiyo miguu mikavu isiwadanganye. Kisha ulizeni kuhusu usiku. “Baba, leo umelala na mito mingapi?” ni swali lisilomkera mtu, lakini anayeanza kuongeza mito, au anayeshtuka usingizini na kwenda dirishani kutafuta hewa, anatangaza kwamba mapafu yanajaa. Wazee wengi husingizia joto la Dar es Salaam. Joto humtoa jasho kila aliyemo ndani ya nyumba, lakini halimzuii mtu mmoja tu kulala chali.

Presha ipimwe baada ya mgonjwa kukaa kimya dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni bila kukunja nne, na mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Pimeni mara mbili kwa kupishanisha dakika moja au mbili, na muandike vipimo vyote viwili, si kile kinachopendeza tu. Mapigo yahesabiwe kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne hukosea kwa mtu ambaye moyo wake unaruka mapigo, na wagonjwa wa vali wenye hali hiyo si haba.

Hatua ya nne: kuzifahamu dawa moja moja

Mgonjwa asiyejua dawa yake inafanya nini ataiacha siku itakapomsumbua. Kwa sababu hiyo sehemu hii inastahili kusomwa polepole, pakiti zikiwa mezani.

Furosemaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Lasix, huondoa maji kwa njia ya mkojo. Huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na huendelea kwa takribani saa 6. Dozi moja hunywewa asubuhi, na kama zipo mbili, ya pili isivuke saa nane mchana, vinginevyo mgonjwa atashinda usiku akienda msalani na pengine kuanguka gizani. Hii ni dawa inayorukwa mara nyingi, na sababu yake inaeleweka: hakuna anayetaka kubanwa na mkojo akiwa ndani ya daladala kwenye foleni ya Mandela. Mwambieni daktari ukweli huo. Mara nyingi ataruhusu dozi isogezwe mpaka mgonjwa atakaporudi nyumbani, na kuisogeza ni bora mara nyingi kuliko kuiacha.

Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili hupanua mishipa na kuupunguzia moyo mzigo. Baadhi ya watumiaji hupata kikohozi kikavu kisichokoma. Mgonjwa asinunue dawa ya kikohozi wala asiache kidonge kwa siri, bali aseme, kwa kuwa ipo jamii nyingine ya dawa, kama losatani, inayoweza kuchukua nafasi hiyo. Uvimbe wa ghafla wa midomo, ulimi au uso ni jambo jingine kabisa: dawa isimamishwe, mgonjwa akimbizwe hospitali, na asirudie tena dawa za jamii hiyo maishani mwake. Dawa hizi, pamoja na losatani, humdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke anayeweza kupata ujauzito azungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango kabla ya mimba kuingia, si baada.

Spironolaktoni hutoa maji kidogo lakini huhifadhi potasiamu, madini ya damu yanayogusa mapigo ya moyo, na enalaprili nayo huhifadhi potasiamu. Zikitumika pamoja, hasa kwa mwenye figo dhaifu, potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo bila dalili ya kutahadharisha. Hapa ndipo madafu yanapoingia. Ndugu wakija kumjulia hali mgonjwa hubeba madafu kwa nia njema, nayo yana potasiamu nyingi. Dafu moja moja huenda lisilete neno, lakini madafu ya kila siku juu ya dawa hizo mbili ni hatari ya kweli. Vivyo hivyo kwa chumvi mbadala zinazouzwa dukani kwa wenye presha, kwani nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Damu ipimwe potasiamu na kazi ya figo wiki moja hadi mbili baada ya kuanza dawa hizi au kuongezewa dozi, na tarehe ya kipimo iandikwe kwenye daftari. Mwanamume akivimba au kuumwa matiti kwa sababu ya spironolaktoni, aseme bila aibu. Ni jambo linalojulikana.

Kavediloli, bisoprololi na metoprololi hupunguza kasi ya moyo ili uwe na nafasi ya kujaa damu. Kavediloli hunywewa pamoja na chakula. Huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, kwa kawaida baada ya angalau wiki mbili kila mara, na siku za mwanzo mgonjwa anaweza kujisikia mchovu kuliko alivyokuwa. Uvumilivu wa wiki chache hulipa, lakini pumzi ikizidi kubana au mapigo yakishuka chini ya 50 kwa dakika, daktari aambiwe. Kuziacha ghafla ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwani presha na mapigo vinaweza kuruka kwa kishindo. Mwenye pumu aseme mapema, na mwenye kisukari ajue kwamba dawa hizi huficha mapigo ya kasi ambayo humjulisha kuwa sukari imeshuka. Kwake, jasho ndilo litakalobaki kuwa ishara.

Digoksini inahitaji kuheshimiwa, kwa sababu kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru viko karibu mno. Kabla ya kila dozi hesabuni mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, dozi isubiri na daktari apigiwe simu. Mgonjwa anayepoteza hamu ya kula, anayetapika, au anayeona vitu vina rangi ya njano au kijani huenda ana digoksini nyingi mwilini, na hatari huongezeka akiharisha au potasiamu ikishuka kwa sababu ya furosemaidi.

Warfarini, ambayo watu huiita dawa ya kuyeyusha damu, huzuia damu kuganda kwa waliowekewa vali za chuma na kwa wengi ambao moyo wao hupiga bila mpangilio. Hunywewa saa ileile kila jioni, na kipimo cha damu kiitwacho INR ndicho kinachoongoza dozi: wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na wenye vali ya chuma upande wa mitro (vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) mara nyingi huwekwa juu zaidi, kati ya 2.5 na 3.5. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, ambayo hupingana na dawa hii. Mgonjwa hakatazwi mboga hizo, anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, asipitishe mwezi bila mboga kisha akala sahani tatu kwa siku. Metronidazoli na vidonge vya Septrin huipa warfarini nguvu kupita kiasi, na rifampisini ya kifua kikuu huidhoofisha, kwa hiyo kila anayemwandikia dawa aambiwe kuhusu warfarini, akiwemo daktari wa meno. Sindano za kwenye msuli ziepukwe ila kwa idhini ya daktari wa moyo. Fizi kutoa damu, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au kichwa kuuma vikali baada ya kuanguka: hospitali mara moja. Dozi iliyosahaulika inywewe ikikumbukwa siku ileile. Ikishapita siku, isifidiwe kwa kunywa mbili.

Kijana mwenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Inauma, na ndiyo maana huachwa, lakini kila shambulio jipya la homa hiyo huzidi kuiharibu vali.

Aspirini ya dozi ndogo na atovastatini kwa walioziba mishipa hazina mengi ya kusema zaidi ya kwamba hunywewa siku zote, na maumivu makali ya misuli yasiyoelezeka kwa mtumiaji wa atovastatini yaripotiwe. Amlodipini ya presha inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu bila uzito kupanda sana, jambo linalowachanganya wengi. Juisi ya balungi iepukwe na watumiaji wa atovastatini.

Vidonge vya nitrogliserini huwekwa chini ya ulimi kifua kinapobana, mgonjwa akiwa ameketi, maana presha hushuka. Kifua kisichotulia ndani ya dakika 5 kinahitaji hospitali, na kidonge kingine kinaweza kuwekwa mkiwa njiani, jumla isizidi vitatu. Mtumiaji wake asinywe kabisa sildenafili wala mchanganyiko wowote wa kuongeza nguvu za kiume, ukiwemo ule wa mitishamba unaouzwa barabarani na ambao hakuna ajuaye umechanganywa na nini, kwa sababu presha inaweza kuporomoka hadi kifo. Mzee hatamwambia bintiye jambo hili. Atafutwe mdogo wake au rafiki wa rika lake amuulize faraghani.

Hatua ya tano: dawa ambazo hakuna aliyeziandika

Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kwenye duka la dawa muhimu kama pipi, kwa mgongo, goti na meno. Kwa moyo uliodhoofika huzuia figo kutoa chumvi na maji, huibana furosemaidi, na kwa mtumiaji wa warfarini huleta damu tumboni. Parasetamoli kwa dozi yake ndiyo chaguo la kwanza. Dawa za mafua zenye kuzibua pua hupandisha presha, na vidonge vinavyochemka ndani ya maji huwa na sodiamu nyingi. Mizizi na majani kutoka kwa mganga yatajwe kliniki kwa jina lake, bila kuogopa kukemewa.

Fedha nazo ni sehemu ya tiba. Vidonge vikibaki vya wiki moja, ndio wakati wa kwenda famasi. Kama fedha hazitoshi, daktari aambiwe waziwazi ili atafute dawa ya bei nafuu kutoka jamii hiyohiyo. Kugawa kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi kunamfanya daktari aamini kuwa dawa imeshindwa, na kuongeza nyingine juu yake.

Hatua ya sita: jikoni na kwenye kikombe

Kiasi cha chumvi kwa mtu mzima kwa siku kisizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho kinajumuisha iliyo ndani ya mkate, chapati na supu ya mgahawani. Adui mkubwa katika nyumba zetu si chumvi ya mezani pekee. Ni viungo vya vipande vinavyotiwa kwenye mchuzi, samaki wa ng’onda, dagaa waliotiwa chumvi, chipsi za barabarani, na magadi yanayolainisha maharage, ambayo nayo ni sodiamu. Maharage yalowekwe usiku kucha badala yake. Ladha irudishwe kwa ndimu, tangawizi, vitunguu, nyanya na tui kidogo, na chakula cha nyumba nzima kipikwe hivyohivyo, kwa sababu mgonjwa aliyetengewa sufuria yake hujihisi ameadhibiwa na huiba mchuzi wa wenzake.

Baadhi ya wagonjwa huwekewa kikomo cha maji, kwa kawaida lita 1.5 hadi 2 kwa siku. Jazeni chupa ya lita moja na nusu asubuhi. Kila anapokunywa chai, uji au supu, mwageni kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa, na ikiisha, siku imekwisha. Asiyewekewa kikomo asijibane mwenyewe, hasa miezi ya joto kali ya Desemba hadi Machi.

Akiharisha au kutapika, furosemaidi, spironolaktoni, enalaprili na dapagliflozini (dawa ya kisukari inayotumika pia kwa moyo uliodhoofika) zinaweza kumkausha na kuumiza figo. Pigeni simu kabla ya dozi inayofuata mkaulize zipi zisimame na kwa muda gani. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dozi zipangwe upya au ashauriwe kutofunga.

Hatua ya saba: mwili na usingizi

Kichwa cha kitanda kiinuliwe. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, kwani ngozi iliyovimba maji huchanika upesi. Anayeweza kutembea atembee kila siku, akianza na ua wa nyumba, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi.

Hatua ya nane: usiku wa hatari

Jambo hili lipangwe mchana. Jueni ni hospitali gani ya karibu yenye oksijeni saa zote, na muwe na namba za madereva wawili wa gari au bajaji wanaolala mtaani kwenu. Anayekaa Mbagala asivuke jiji zima kuelekea Upanga huku mgonjwa akihema. Atulizwe kwanza hospitali ya karibu, kisha apewe rufaa.

Pumzi ikikatika ghafla, au akikohoa povu lenye rangi ya waridi, mkalisheni wima miguu ikiwa imening’inia, mfungulieni nguo zinazobana, msimlaze wala msimnyweshe maji. Kifua kikibana na maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, asiye na mzio wa aspirini wala hatumii warfarini atafune aspirini miligramu 300 huku safari ikianza. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, huenda ni kiharusi: asipewe aspirini wala kitu chochote cha kumeza, na muandike saa dalili ilipoanza. Akizimia, nendeni vilevile bila kusubiri kuona kama atazinduka vizuri.

Bebeni mfuko wa dawa zote, majibu ya eko na daftari. Muuguzi wa mapokezi aambiwe kwanza mambo matatu, kabla ya historia ndefu: dalili imeanza saa ngapi, dawa gani amekunywa leo na saa ngapi, na uzito wake ulikuwa kiasi gani siku tatu zilizopita.